Ukoo Flani ni wetu pia: albamu iliyofyeka njia ya rap unayoisikiza leo

Ukishuka bodaboda pale Ganda jioni, saa ile watu wanarudi kutoka Malindi mjini, utasikia spika ya kinyozi kabla hujamwona kinyozi mwenyewe. Leo ni singeli, kesho ni Wakadinali. Na barobaro aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu yake anajua kila mstari, hata yale maneno ya Eastlands ambayo hapa kwetu hakuna anayeyatumia hata kuagizia chai. Anatingisha kichwa, anamalizia vina kabla rapa hajavimaliza. Swali langu kwako ni dogo tu: njia hiyo wanayopita hao Wakadinali, aliifyeka nani?

Ukinijibu Khaligraph, nitakwambia rudi nyuma. Ukisema Octopizzo, rudi tena. Rudi hadi 2004, mwaka ambao pengine ulikuwa bado unatambaa, kama ulikuwa umeshazaliwa. Mwaka huo ilitoka albamu moja inaitwa Kilio Cha Haki.

Nianze na jinsi ilivyotengenezwa, maana hapo ndipo penye utamu. Hakukuwa na lebo kubwa wala meneja mwenye miwani ya jua. Wakfu mmoja wa Uholanzi, UpToYouToo, ulishirikiana na vijana wa Eastlands, Nairobi, nyumba ya kawaida ya mtaani ikageuzwa studio, na humo wakaingia wasanii 38. Soma tena hiyo namba. Wu-Tang Clan walipochomoza kutoka Staten Island na albamu yao ya kwanza mwaka 1993, dunia ilishangaa kuona kundi la watu tisa. Hawa ni 38, kila mmoja na sauti yake, kila mmoja na njaa yake, na wengi wao walikuwa hawajawahi kurekodi albamu maishani. Mpango ulikuwa kwamba pesa zitakazopatikana zisaidie kujenga studio ya kudumu ya mtaa. Na kwa mara moja, mpango wa mradi ukatimia: studio ikapatikana, ikaitwa Maono, na 2006 ikatoka humo albamu ya pili, Dandora Burning.

Jina lililobeba kazi hizo zote mbili ni Ukoo Flani Mau Mau. Hapo ndipo nataka ukae vizuri kwenye hilo benchi, maana jina hilo ni majina mawili yaliyounganishwa, na moja lilitoka huku kwetu.

Mau Mau ni upande wa Dandora. Mtaa huo ulijengwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja ukawekewa jirani ambaye hakuna aliyemwomba: jaa la taka za jiji zima. Katikati ya miaka ya tisini vijana watatu wa hapo, Kama, Oteraw na Johny, walianzisha Kalamashaka. Wakati huo marapa wengi wa Nairobi walikuwa wanasaka lafudhi ya New York. Si wote, nisiwaonee. Poxi Presha alikuwa anafanya mambo yake kwa Kidholuo na "Otonglo Time" ikapigwa kila mahali. Lakini Kiswahili cha mtaani, kile cha kugombania matatu, kilikuwa bado kinaonekana lugha ya vichekesho. Kalamashaka wakatoka na "Tafsiri Hii" na watu wakasimama kusikiza. Mwaka 2001 wakatoa albamu yao, Ni Wakati, ambayo Ken Ring, rapa wa Uswidi mwenye asili ya Kenya, alikuwa na mkono wake ndani. Badala ya kununua magari, wakawa wanawakusanya wadogo zao wa mtaa. Ile kambi ndiyo Mau Mau Camp. Waliwachukua wapiganaji wa msituni wa miaka ya hamsini kuwa jina lao kwa sababu waliona vita vya ardhi na utu havijaisha, vimehamia kwenye plot za chumba kimoja.

Na Ukoo Flani? Ukoo Flani ni Mombasa. Kundi lilianzia huko miaka hiyohiyo ya tisini, likakuza watu kama Fujo Makelele, Cannibal, Sharama na Alai K. Walirap Kiswahili bila kuona kwamba wamefanya jambo la ajabu, maana ndicho walichoamkia nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pande hizi mbili zikaungana. Dandora ilileta hasira na maneno mapya yanayozaliwa kila wiki. Mombasa ilileta Kiswahili chenye mizizi, chenye methali na mafumbo, lugha ya watu waliokulia penye mashairi ya harusini na mawaidha ya msikitini. Ukisikiza Kilio Cha Haki kwa makini utasikia lugha hizo mbili zikisukumana na kucheka pamoja.

Sasa niambie kwa nini hadithi hii ikisimuliwa, Pwani inapotea katikati. Ukimuuliza shabiki wa hip hop leo, atakwambia "Ukoo Flani ni madude ya Dandora". Hata jina la albamu ya pili ni la Dandora. Sisi tulichangia ukoo, tukabaki kwenye picha kama jamaa aliyesimama ukingoni, nusu ya uso imekatwa.

Wakati Kilio Cha Haki inatoka, redioni mambo yalikuwa mengine. Ogopa Deejays walikuwa wameshika nchi na midundo ya kuchezeka ambayo watu wa hip hop waliibandika jina kapuka, kwa kebehi. Calif Records walikuwa na genge yao, Nonini na Jua Cali mbele. Watu wa Dandora walidharau haya yote, na mimi naona walikosea kidogo. E-Sir, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Machi 2003, alikuwa na Kiswahili kinachotiririka kuliko marapa wengi waliojiita wa kweli, na kumcheka kwa sababu watu walicheza nyimbo zake haikuwa haki. Lakini Dandora walikuwa wameona hatari moja waziwazi. Mwaka 2002 "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili kujipa moyo, ulibebwa ukawa wimbo wa kampeni wa muungano wa NARC. Wanasiasa wakaingia Ikulu wakiucheza. Ukoo Flani Mau Mau walitaka kutengeneza kitu ambacho hakuna mheshimiwa angethubutu kukipiga kwenye mkutano wake.

Walifaulu. Na gharama ya kufaulu huko ni kwamba redio nazo hazikuwapiga sana. Mashifta, yaani Kitu Sewer na G-Wiji, walikuwa na wimbo unaoitwa "Pesa, Pombe, Siasa na Wanawake", na jina peke yake linakuonyesha kwa nini prodyusa wa kipindi cha asubuhi angekuna kichwa. Zakah na Kah waliupenda mtaa wao hadharani na "Dandora L.O.V.E.", wakati kila gazeti lilikuwa linauandika mtaa huo kwa ajili ya taka na risasi tu.

Lakini ushawishi hauingii kwa mlango wa mbele kila mara. Chukua Testimony 1990 ya Khaligraph Jones, ya 2018. Kijana anasimulia maisha ya Kayole kana kwamba yanastahili albamu nzima, na kuanzia jina tu anakupa mwaka aliozaliwa. Leo tunaona jambo la kawaida. Chukua Victims of Madness ya Wakadinali, ya 2020: kundi la Eastlands, lugha nzito ambayo hawakutafsirii, na yeyote asiyeelewa ajitafutie mkalimani. Chukua Buruklyn Boyz na East Mpaka London ya 2022, midundo ya drili kutoka Chicago kupitia London, halafu mdomo wa Buruburu juu yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuomba ruhusa ya kutumia lugha ya mtaa wake. Ruhusa hiyo ilishapiganiwa na watu ambao wengi wao hawakupata hata ya kununulia kiwanja.

Kitu kimoja hakikurithiwa vizuri: ule ukali kuhusu wenye mali na wenye mamlaka. Drili ina hasira, ndiyo, lakini mara nyingi hasira hiyo inaelekezwa kwa msee wa mtaa wa pili. Ukoo Flani Mau Mau walikuwa wanauliza shamba ni la nani.

Swali hilo wewe wa Ganda unalijua bila kufundishwa. Katika kaunti hii ya Kilifi, neno skwota mtoto hulisikia kabla hajaenda shule. Kuna familia zimekaa mahali vizazi vitatu, minazi imepandwa na babu, makaburi yapo nyuma ya nyumba, na karatasi iko kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Sasa tafuta albamu ya rap inayosimulia hilo mwanzo hadi mwisho. Nyimbo mojamoja zipo, wala siwadharau waliozifanya. Albamu nzima, yenye uzito wa Kilio Cha Haki, yenye sauti za Ganda na Kakuyuni na Magarini zikipokezana kipaza sauti, mimi sijaisikia.

Na usiniambie eti muziki wa kulia haki si wa huku. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama kuwahimiza wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa ya Waingereza, na alichotumia kukusanya watu ni kifudu, ngoma ya matanga. Alicheza, watu wakaja, akasema nao. Sanamu yake iko hapo Malindi, unaipita ukienda sokoni. Leo sisi hukesha na disko matanga, ambazo serikali imepiga marufuku mara nyingi Kilifi kwa sababu ya visa vya wasichana wadogo kuharibiwa maisha, na siwezi kuitetea hali hiyo. Ila spika ni zilezile na umati ni uleule, na kijana anayeshika kipaza sauti usiku huo anachosema ni "mikono juu" tu.

Yuko mmoja aliyeona hazina iliyo humo. Alai K, yuleyule wa Ukoo Flani, miaka mingi baadaye alichukua jina la Disco Vumbi, akachanganya midundo ya Pwani na mashine za kielektroniki, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikamtolea kazi inayoitwa Boutiq Electroniq. Watu Ulaya wakaicheza. Hapa kwetu niliwauliza vijana sita wa maskani kama wanalijua jina hilo. Mmoja alidhani ni klabu ya Watamu.

Kuna wanaosema shida ni lugha. Kwamba ukirap Kiswahili cha Pwani utaonekana mwalimu wa shule, na ukirap Kigiriama utabaki Kilifi. Lakini angalia Bongo. Mr II, ambaye wengi wanamwita Sugu, na Professor Jay walirap Kiswahili kinachoeleweka na bibi na mjukuu. Albamu ya Jay, Machozi Jasho na Damu, ilitoka 2001, mwaka mmoja na Ni Wakati. Watu waliwaelewa kiasi kwamba Sugu alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 na Jay mbunge wa Mikumi 2015. Na kama Kidholuo cha Poxi Presha kilipita Nairobi, Kigiriama kina kosa gani? Unachopoteza ni pale unapoiga sheng ya Kayole ilhali umelelewa hapa Ganda. Msikilizaji wa Kayole atakukamata kwenye neno la tatu, na bibi yako hatakuelewa hata neno moja.

Kuhusu pesa niseme haraka. Kazi ya Ukoo Flani ukiitafuta mtandaoni utaipata vipande vipande, nyingi zikiwa zimepandishwa na mashabiki, na hela yake haijulikani inaenda kwa nani. Kwa hivyo mkirekodi watano, andikeni siku hiyohiyo nani ana asilimia ngapi, aliyetengeneza mdundo akiwemo, na mkasajili kazi yenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla haijavuma. Wimbo ukishavuma, kila mtu huwa alikuwa studio siku hiyo.

Wikendi hii, mkikaa hapo kwa kinyozi, mwombeni spika kwa saa moja. Anzeni na Dandora Burning, ni rahisi kuingia, kisha mrudi Kilio Cha Haki. Msicheze kwenye simu. Kila sauti mpya ikiingia, jaribuni kukisia: huyu ni wa Dandora, ama huyu ni wa kwetu?