Mgeni Njoo, na Mlango Uwe Wazi

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Visiwa vyetu vimeishi na wasia huo tangu zama za majahazi ya msimu, ambapo mgeni alishuka pwani akamkuta mtu wa kumpokea na kumwongoza. Leo mgeni hubisha hodi kwa njia ya intaneti kabla hajapanda ndege wala boti. Tovuti ndiyo bandari yake ya kwanza.

Jambo hili si dogo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa kutoka nchi za nje wanaozuru Zanzibar wametakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo hulipiwa kwa intaneti. Ilipoanza, ada yake kwa mtu mzima ilikuwa dola 44 za Marekani. Serikali inapomtaka mgeni atimize wajibu wake kwa kupitia tovuti, nayo inawajibika kuifanya tovuti hiyo itumike bila taabu.

Mgeni haji hapo kusoma hotuba za ufunguzi. Ana maswali machache: Natakiwa niwe na nini? Nilipe kiasi gani? Nikikwama, nimwulize nani? Majibu hayo hayana budi kuwa ukurasa wa mbele, kwa maneno mepesi. Picha nzito zipunguzwe, kwani wengi hutumia simu ya mkononi na mtandao dhaifu. Fomu isimfutie mtu yote aliyokwisha kuyajaza kwa ajili ya kosa moja, bali imwonyeshe kosa lilipo.

Mgeni aliyekwama ni windo jepesi la walaghai wenye tovuti za kuigiza. Yafaa itangazwe kila mahali kwamba anwani za tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya watalii peke yao. Mkulima wa karafuu wa Wete anayetafuta fomu ya ofisi naye ni mgeni katika tovuti hiyo. Anastahili kuikuta kwa Kiswahili fasaha, na kwa maandishi yanayosomeka, si ya kijivu juu ya weupe.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mtaalamu Jakob Nielsen alishauri mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakijaribu tovuti, kasoro zake nyingi hujitokeza. Basi wahusika wawaketishe watu watano wasio wa ofisini, wawape kazi ya kutimiza, kisha watazame kimya bila kuwasaidia. Pale watakapokwama ndipo penye kutengenezwa.

Mwenye nyumba ya wageni Jambiani na nahodha wa Nungwi hula kwa mgeni aliyefika salama. Tunawasihi wahusika wasiache riziki hiyo ipotelee mlangoni.