Wimbo wa Krismasi tunaousikia kila Disemba ni wa nani?

Disemba ikiingia hapa Magogoni, hata sisi tusiosherehekea Krismasi twajua imekaribia. Kwenye maduka, kwa kinyozi, ndani ya matatu za kuelekea Bamburi na kwenye hoteli wanakofanya kazi vijana wetu, wimbo ni uleule: "Mary's Boy Child". Ukiuliza ni wa nani, utaambiwa ni wa Boney M. Jibu hilo si sahihi, na historia yake ina funzo kubwa kwetu watu wa pwani.

Najua wapo watakaouliza, Muislamu ana lipi na wimbo wa Krismasi? Kujua historia ya kitu si kukisherehekea. Yaliyomo katika wimbo ule ni itikadi ya Wakristo, nasi tuna yetu: Nabii Isa, alayhi salaam, ni mtume wa Mwenyezi Mungu na ni mwana wa Maryam. Bibi Maryam mwenyewe ana sura nzima katika Qur'ani, sura ya 19, ambamo mwatajwa uchungu wa uzazi ulivyomshika akiwa chini ya mtende. Tuyaache hayo kwa masheikh, turudi kwa mtunzi.

Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1901, mjukuu wa watumwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya na mtunzi, na alifanya kazi nyingi za kwaya kwenye filamu za Hollywood. Ajabu ni kwamba wimbo huu haukuanza kama wa Krismasi. Rafiki yake alimuomba wimbo wa sherehe ya kuzaliwa. Kwa kuwa wageni wengi wangekuwa watu wa visiwa vya Karibi, Hairston akautia mdundo wa kalipso, na maneno yake yalikuwa ya mkate wa mahindi na kinywaji cha chokoleti. Haukurekodiwa.

Baadaye kiongozi wa kwaya moja ya Hollywood, Walter Schumann, akamtaka atunge wimbo mpya wa Krismasi. Hairston akaukumbuka ule mdundo wake wa zamani, akautilia maneno mapya. Harry Belafonte, mwimbaji mwenye asili ya Karibi, aliusikia ukiimbwa na kwaya hiyo, akaomba ruhusa ya kuurekodi. Alirekodi mwaka 1956, na mwaka 1957 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki saba. Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, waliuimba mwaka 1978 wakauunganisha na kipande kingine kipya. Nao wakashika nafasi ya kwanza Uingereza Krismasi ile. Toleo hilo ndilo tulilonalo masikioni mpaka leo.

Sasa tazama jambo hili. Waimbaji haohao walikuja kuchota kisimani kwetu. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walitoa santuri ya pamoja yenye wimbo wa "Malaika". Boney M wakauimba "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 wakatoa toleo lao la "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu kina Harrison waliotoka Kaloleni, Kilifi, wakawa wakipiga kwenye hoteli za ufuoni. Mtunzi wa huo anajulikana: Teddy Kalanda Harrison. Hata hivyo, wageni wengi huondoka Moi International wakiuimba na wasijue kuwa una mwenyewe. Hudhani ni wimbo wa jadi kama zile ngoma za wazee.

"Malaika" una kisa kizito zaidi. Aliyeurekodi ukajulikana ni Fadhili William, mtoto wa Taita, pamoja na Jambo Boys, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini majina ya Adam Salim, Grant Charo na Lucas Tututu nayo yametajwa kuwa ndio asili ya wimbo. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haujesha. Dunia nzima yauimba, na sisi wenye lugha bado twabishana ni wa nani.

Tofauti iko wapi? Wimbo wa Hairston uliandikwa na ukaimbwa na kwaya jina la mtunzi likiwa juu ya karatasi. Aliyeutaka alijua mlango wa kubisha. Zetu zilipita mdomo kwa mdomo, kutoka arusi hadi klabu, na jina lililoshika likawa la aliyerekodi.

Na si muziki wa dansi pekee. Katika taarabu yetu ya Mombasa, mwimbaji na mshairi mara nyingi ni watu wawili. Juma Bhalo aliimba mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, na Zein l'Abdin aliimba ya Sheikh Ahmed Nabhany. Wasikilizaji wa zamani walilijua hilo. Kijana wa leo anayepakua nyimbo hizo kwenye simu huona jina la mwimbaji tu, na pengine hata hilo halimo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yampa mtunzi haki mara tu kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Haki hiyo hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Maana yake ni kwamba mtunzi wa Magogoni au Mtopanga mwenye wimbo mmoja tu uliovuma aweza kuwaachia watoto na wajukuu nusu karne ya haki. Lakini haki bila ushahidi ni maneno. Andika shairi lako, tia jina na tarehe, jirekodi hata kwa simu, kisha uiandikishe kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Mkiwa wawili, mmoja mashairi na mwengine sauti, andikianeni kabla ya kuingia studio. Baada ya wimbo kuvuma, maelewano huwa magumu, hata kwa ndugu.

Nanyi wenye kuweka nyimbo za zamani mitandaoni, mnatufaa sana. Ila mkiujua utunzi ni wa nani, tajeni jina la mtunzi kando ya la mwimbaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.