Nishani ambazo babu zetu hawakuzidai

Ndugu Waislamu, kuhifadhi nasaba na kuwaombea dua waliotangulia ni mambo tuliyousiwa tangu utotoni. Ijumaa ya leo tunawazungumzia marehemu ambao aghalabu husahaulika hata ndani ya familia zao, nao ni mabaharia Waislamu waliotumikia meli za biashara za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945.

Hawa hawakuwa askari. Walikuwa wachochea makaa, watu wa sitaha, wapishi na watumishi wa vyumba. Wengi walitoka Sylhet, Punjab na Gujarat, na wengine Yemen na Somalia. Wale wa Bara Hindi waliajiriwa kwa makundi chini ya serahangi, neno linalojulikana vyema katika pwani yetu. Kabla ya vita walikuwa takriban robo ya mabaharia wote wa meli hizo, ilhali ujira wao ulikuwa mdogo mno kuliko wa wenzao wa Kizungu.

Hatari waliyoikabili haikuwa ndogo. Tarehe 23 Novemba 1942, meli Tilawa, iliyotoka Bombay ikielekea Mombasa na bandari za kusini, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu 280 walipoteza maisha, abiria na mabaharia. Katika kumbukumbu za Bombay na Chittagong yameandikwa majina zaidi ya 6,000 ya mabaharia wa Bara Hindi waliokufa katika vita hivyo.

Je, waliosalimika walipata nini? Sheria iliwapa haki ya nishani. Aliyehudumu baharini siku 28 alistahiki Nishani ya Vita ya 1939–1945. Aliyetimiza miezi sita, pamoja na safari ya kupita eneo la mapigano, alistahiki Nyota ya 1939–1945, na zilikuwapo nyota nyingine kwa Atlantiki, Afrika, Italia na Burma. Lakini baharia wa meli za biashara hakuletewa nishani nyumbani. Ilimpasa aidai mwenyewe. Mtu asiyejua kusoma, aliyekwisha kurudi kijijini kwake maelfu ya maili kutoka London, angeijuaje haki hiyo?

Hapa ndipo wajukuu wengi wanapokata tamaa mapema. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, iliyoko Kew, London, limo fungu BT 395 lenye majina ya mabaharia waliopewa nishani kuanzia 1946 hadi 2002. Mjukuu akilikosa jina la babu yake humo, hudhani kwamba mzee hakustahiki. Sivyo. Orodha ile ni ya waliodai na wakapewa, si ya wote waliostahiki.

Kwa hiyo tunashauri utafutaji uanzie kwenye meli. Waulizeni wazee jina la meli, na mlitafute katika kitabu cha baharia, barua za zamani au nyuma ya picha. Kwa kutumia namba rasmi ya meli, orodha za wafanyakazi hutafutwa katika fungu BT 381, na kadi za safari zake zimo katika BT 389. Kadi hizo zitaonyesha bandari alizopita, na kwa hiyo nyota aliyoistahiki. Kwa aliyefia vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ambayo kila mtu anaweza kuipekua bila malipo.

Jihadharini na maandishi ya majina. Makarani waliandika walivyosikia: Muhammad mmoja anaweza kuwa Mohamed, Mahomed au Mahomet, na jina la baba likageuzwa kuwa la ukoo. Jaribuni kila sura ya jina, kisha lilinganisheni na umri na mahali alikozaliwa.

Ushahidi ukipatikana, jamaa wa karibu huweza kuandika kwa Ofisi ya Usajili wa Meli na Mabaharia, wakithibitisha udugu wao. Nishani ni moja na warithi ni wengi, hivyo familia ishauriane kwanza nani aiombe na nani aitunze, isije heshima ya marehemu ikawa chanzo cha ugomvi wa walio hai.

Na hata nishani isipopatikana, jina la meli na tarehe ya safari viandikwe katika daftari la ukoo, ili wanaomwombea babu yao wajue alikopita. Mwenyezi Mungu awarehemu mabaharia wetu. Amin.