Kamera za Macho Mawili za Kijapani: Zifungiwe Kabatini au Zitumiwe?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inawafaa wakusanyaji wa kamera kongwe, hususan wanaokusanya kamera za lenzi mbili zilizotengenezwa nchini Japani baina ya miaka ya 1930 na 1990. Wapo wanaoshikilia kuwa chombo cha kale hulindwa kwa kuwekwa katika kabati la kioo, kisiguswe wala kisitikiswe. Wapo pia wanaosema kuwa kamera isiyopiga picha ni sanamu ya kamera. Makala haya yanafafanua muundo na historia ya kamera hizo, kisha yanaonyesha kwa nini rai ya pili ndiyo yenye mashiko kwa kamera nyingi.

Jina na Muundo

Wajapani huziita kamera hizi nigan refu. Ni humaanisha mbili, gan ni jicho, nalo refu ni mkato wa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, linalorejelea taswira inayoakisiwa na kioo. Neno hilo halina uhusiano wowote na kivumishi cha Kiswahili -refu, ingawa kwa sadfa kamera yenyewe ina kimo kinachozidi upana wake. Istilahi "kamera ya macho mawili" inaafiki fikra iyo hiyo ya Wajapani, nayo ndiyo inayotumika hapa.

Macho hayo yana kazi tofauti. Lenzi ya juu ni ya kutazamia. Nuru iingiayo humo hugonga kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45, ikapanda hadi kwenye kioo cha ukungu kilicho juu ya kamera. Mpigapicha huishika kamera usawa wa kifua au tumbo, akainamisha kichwa na kuiona taswira hapo. Lenzi ya chini ndiyo inayopiga picha. Ndani yake mna shata, yaani kilango kinachofunguka kwa muda mfupi ili nuru iifikie filamu. Lenzi zote mbili husogezwa kwa pamoja, kwa hivyo kinachoonekana wazi juu huwa wazi kwenye filamu pia.

Muundo huu una athari mbili ambazo mtumiaji hana budi kuzizoea. Kwanza, taswira hugeuka ubavu: mtu anayetembea kuelekea kulia huonekana akielekea kushoto. Pili, kwa kuwa lenzi zimeachana kwa sentimita chache, kinachoonekana hakilingani barabara na kinachopigwa, hasa kwa kitu kilicho karibu. Asiyejua hili huweza kumkata mtu kichwa bila ya kukusudia.

Filamu inayotumika ni ile ya namba 120, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1901 na ingali inatengenezwa. Filamu moja hutoa picha 12 za mraba, kila upande ukiwa na takriban sentimita 6.

Historia kwa Muhtasari

Kielelezo cha kamera hizi kilitoka Ujerumani. Mwaka 1929, kampuni ya Franke & Heidecke ya mji wa Braunschweig ilitoa Rolleiflex, kamera iliyosifika na iliyokuwa ghali. Wajapani waliifuata njia hiyo mapema. Minoltaflex, kwa mfano, ilitokea mwaka 1937. Hata hivyo, mapinduzi yenyewe yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1950 ilizuka Ricohflex III, ambayo lenzi zake zilikuwa na meno ukingoni, moja ikizungushwa nyingine nayo huzunguka. Wepesi wa muundo huo ulishusha bei, na watu wa kawaida wakaweza kumiliki kamera. Kampuni ndogo ndogo zilichipuka kama uyoga, na majina ya kamera zao yakaenea karibu katika alfabeti nzima.

Wingi huo ulizua suala la ubora. Mwaka 1954 iliundwa taasisi ya Japan Camera Inspection Institute ili kukagua kamera zilizokusudiwa kuuzwa nje. Kamera iliyofaulu ilipewa kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu chenye umbo la yai. Hadi leo mkusanyaji akikikuta kibandiko hicho mahali pake hufurahi.

Kamera bora zaidi zilifuata. Minolta Autocord ilitolewa mwaka 1955, na Yashica-Mat mwaka 1957. Kampuni ya Mamiya nayo ilibuni kamera za macho mawili zinazokubali kubadilishwa lenzi. Mojawapo, Mamiya C33, ilitumiwa na mpigapicha Mmarekani Diane Arbus (1923–1971). Katika miaka ya 1960 kamera za lenzi moja zilitwaa sehemu kubwa ya soko, lakini Yashica-Mat 124G, iliyoanza mwaka 1970, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1986.

Adui Aliye Kabatini

Hoja ya wanaofungia kamera ni kwamba matumizi huchakaza. Hoja hii ina ukweli, ila inasahau kuwa kukaa bure nako huua. Grisi iliyopakwa viwandani miaka sitini iliyopita hukauka ikawa kama gundi. Mfano maarufu ni Autocord. Fokasi ya kamera hii huongozwa na wenzo mdogo ulio chini ya lenzi. Grisi ikishaganda, anayeusukuma wenzo huo kwa nguvu huuvunja. Kamera iliyokaa kabatini miaka ishirini ikionekana nzima huweza kuharibika kwa msukumo mmoja wa kidole.

Shata nayo hushikwa na mafuta yaliyogeuka utando. Kasi za polepole, kama sekunde moja, ndizo hutangulia kukwama. Kuvu nayo hupenda giza, unyevu na hewa isiyopita, mambo ambayo mfuko wa ngozi uliofungwa huyatoa yote kwa pamoja. Ikiota kwa muda mrefu juu ya lenzi, huacha alama ambazo hazifutiki.

Kinacholitia suala hili uzito ni kuwa vipuri vyake havitengenezwi tena. Fundi akihitaji gurudumu au wenzo, aghalabu huutoa katika kamera nyingine iliyokwisha kufa. Hivyo basi, kila kamera inayoachwa igande huongeza idadi ya maiti na kupunguza ya walio hai. Fundi naye hudumisha ujuzi wake kwa kuletewa kazi. Asipoletewa, ujuzi huo huondoka naye.

Namna ya Kuitumia

Anayenunua kamera ya aina hii aanze kwa uchunguzi. Aiweke shata kwenye sekunde moja na kuisikiliza. Amulike tochi ndani ya lenzi kutafuta kuvu. Aisogeze fokasi taratibu. Ikikaidi, asiilazimishe, bali aipeleke kwa fundi aondoe grisi kuukuu na kupaka mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kipima nuru cha Yashica-Mat 124G kilikusudiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi. Betri ya kisasa ya volti 1.5 huweza kukipotosha. Mtumiaji atafute kipima nuru cha kando, au afuate kanuni ya jua kali: tundu la lenzi liwe 16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya wepesi wa filamu. Kwa filamu ya 100, kasi ya 1/125 ya sekunde hufaa.

Anapopiga picha ya karibu, ainue kamera kidogo baada ya kupanga taswira, ili lenzi ya chini ipande pale ilipokuwa ya juu. Baada ya kazi, asiiache shata ikiwa imekazwa. Kamera ikae mahali pakavu penye hewa, na angaa mara moja kwa mwezi shata ifyatuliwe kwa kasi zake zote.

Hitimisho

Haikusudiwi hapa kwamba kila kamera iingizwe kazini. Zile adimu zina haki ya kupumzika, na ndiyo maana Tokyo ina jumba la makumbusho la kamera la JCII, lililofunguliwa mwaka 1989, ambako wapo wataalamu wa kuzitunza. Lakini Yashica na Ricohflex zilizotengenezwa kwa wingi hazina mtaalamu wa makumbusho wa kuziangalia. Mlinzi wake ni yule aliye nazo. Mwenye kamera kumi asizoweza kuzihudumia afadhali abaki na mbili anazozitia filamu, nane azipeleke kwa watakaozitumia.