Kwa Nini Twasema Anga Latanuka

Vesto Slipher, mwanafalaki wa Kituo cha Lowell huko Flagstaff, Marekani, alianza mwaka 1912 kuipima nuru ya yale mawingu hafifu ambayo leo twayaita galaksi, akaipitisha katika mche wa kioo ili rangi zake zitengane, na kufikia 1917 ilikuwa dhahiri kwamba katika nuru ya mengi ya mawingu hayo mistari ya kalisi, yaani alama ambazo elementi hiyo huziacha katika rangi za nuru, imesogea upande wa wekundu, dalili ya kitu kinachojitenga nasi. Mwaka 1929 mwanafalaki Edwin Hubble akaonyesha kwamba kasi ya kujitenga huko huzidi kwa kadiri ya masafa: galaksi iliyo mbali maradufu hujitenga kwa kasi maradufu.

Msomaji asiharakie kudhani kwamba sisi ndio kitovu cha ulimwengu. Na azitafakari galaksi nne katika mstari mmoja, sisi tukiwa katika ya kwanza, na baina ya kila moja na jirani yake pana miaka ya nuru milioni 10. Masafa yote yakikua maradufu, ya pili itakuwa imesogea milioni 10, ya tatu milioni 20, ya nne milioni 30. Sasa na ahamie katika ile ya tatu, ahesabu upya; atakuta kanuni ni ile ile, naye atajiona yu katikati vilevile.

Hata kabla ya Hubble, Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyezifuata hesabu za Einstein kama mwanahisabati Alexander Friedmann alivyozifuata kabla yake, alinena mwaka 1927 kwamba linalokua ni anga lenyewe. Kwa kauli hiyo hata masafa yanayoongezeka kwa kasi ipitayo ya nuru hayavunji sheria kwamba hakuna kitu kiipitacho nuru kwa kasi, kwani sheria hiyo hufunga mwendo wa kitu ndani ya anga, wala haifungi kukua kwa anga.

Mwanafalaki Fritz Zwicky alipinga, akasema huenda nuru huchoka njiani. Hoja ilikuwa nzito, na jawabu lake limetoka kwa nyota zinazolipuka: ule mlipuko ambao mawimbi ya nuru yake yametufikia yakiwa marefu maradufu, kama karibu nasi ungefifia kwa siku 20, sisi huuona ukififia kwa siku 40. Nuru iliyochoka ingebadili rangi tu, muda ungebaki ule ule. Kwa hiyo rai ya Zwicky imeachwa.