Je, Wajua? Si Plastiki Yote Iendayo Baharini

Je, wajua kwamba chembe ya plastiki iliyo chini ya milimita 5 ndiyo huitwa maikroplastiki? Jina hilo lilivuma mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipolitumia katika jarida la Science. Tangu hapo macho mengi yameelekezwa baharini, na mito ikachukuliwa kuwa njia tu ya kupitishia taka. Dhana hiyo imeyaponza maziwa yetu.

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutolea maji? Ni Mto Nile, pale Jinja. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili haifiki Jinja: huondoka kwa mvuke, ikikaushwa na jua. Mvuke haubebi plastiki. Kipande cha mfuko kilichosombwa na mvua kutoka kwenye mtaro wa Kisumu, Mwanza au Kampala huweza kubaki ziwani, huku maji yaliyokileta yakipaa angani.

Je, plastiki huelea? Inategemea ni ipi. Polietilini ya mifuko na polipropilini ya salfeti ni nyepesi kuliko maji. Nailoni ya nyavu na plastiki ya chupa za maji ya kunywa ni nzito, huzama. Chumvi nayo ina neno lake: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025, ya maji baridi gramu 1,000. Bahari hubeba vyema zaidi. Kile kinachozama taratibu baharini huzama upesi zaidi ziwani.

Hata zile nyepesi hazielei milele. Bakteria na mwani huzivamia na kuzivika utando wa utelezi, tope nalo hunata juu yake, na chembe huanza safari ya kwenda chini. Huko kuna giza. Jua, ambalo juu ya maji huichakaza plastiki mpaka ikapasuka, halifiki.

Je, wajua kwamba tope la mto mmoja wa Uingereza lilikutwa na chembe 517,000 katika mita moja ya mraba? Ni Mto Tame, karibu na Manchester, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti walipima mito ya eneo hilo kabla na baada ya mafuriko makubwa, wakagundua kuwa maji yale yalikuwa yamezoa takriban asilimia 70 ya chembe zilizolala chini. Mto hulimbikiza kiangazi, kisha humwaga kwa mkupuo. Kwa hiyo anayepima mto wakati wa kiangazi peke yake, au masika peke yake, amepata nusu ya habari.

Na vijito vya milimani? Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba maji yakiwa machache, chembe inaweza kuchukua hadi miaka 7 kusogea kilomita moja.

Je, wajua kwamba ushahidi wa kwanza wa maikroplastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika ulitoka sokoni? Watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 katika soko la bandarini Mwanza, wakawapasua, wakatoa njia ya chakula ya kila samaki na kuiyeyusha kwa kemikali mpaka vikabaki vile tu visivyoyeyuka. Kipande kimoja kimoja kikapimwa kwa miale ya infraredi, ambayo huitambulisha kila aina ya plastiki kwa namna inavyoifyonza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: plastiki ilithibitishwa katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Itazame orodha yenyewe. Polietilini, ile ya mifuko. Poliesta, ile ya mashati na magauni. Poliuretani, ile ya sponji la godoro. Hiyo ni nyumba ya mtu yeyote kati yetu, imekutwa tumboni mwa sangara.

Na nguo hufikaje majini? Kwa kufuliwa. Mashine moja ya kufulia ikijazwa kilo 6 za nguo za akriliki inaweza kumwaga nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja. Ni vipimo vya Plymouth, vilivyochapishwa mwaka 2016.

Je, wajua kwamba plastiki inaweza kutoka majini kwa mbawa? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading waliwalisha viluwiluwi wa mbu chembe za plastiki maabarani. Viluwiluwi wakakua, wakageuka mbu kamili, na chembe zile ndogo kabisa zikakutwa bado miilini mwao. Fikiria wanaokula mbu: popo, mbayuwayu, buibui. Na huko Wales, ndege mdogo wa mitoni aitwaye dipper, anayezamia kutafuta wadudu, alikadiriwa mwaka 2020 kumeza vipande 200 hivi kwa siku kupitia wadudu hao.

Wapo pia wanaoisaga plastiki, kama Gammarus, mnyama mdogo wa jamii ya kamba aishiye vijitoni. Katika maabara ya Cork, Ayalandi, alivunja chembe za plastiki kuwa ndogo zaidi ndani ya siku 4.

Je, wajua kwamba tairi ni chanzo kikubwa cha maikroplastiki, na lina sumu yake? Kwa miaka mingi, katika vijito vya Seattle, Marekani, na jirani zake, samoni aina ya coho walikuwa wakifa mara baada ya mvua, kabla hata ya kutaga. Samaki anaibuka juu, anazunguka, anaachama, anapoteza mizani, na baada ya saa chache amekufa. Mwishoni mwa mwaka 2020 kisa kikajulikana: kemikali iitwayo 6PPD, inayowekwa kwenye mpira wa tairi usipasuke, hukutana na gesi ya ozoni na kugeuka sumu, kisha mvua huisomba na vumbi la tairi kutoka barabarani. La kushangaza, samoni aina ya chum huogelea katika maji yale yale asidhurike.

Tuwe wakweli pia: majaribio mengi ya maabara yanayoonyesha viumbe wakila kidogo, wakidumaa au wakizaa kidogo yametumia chembe nyingi kuliko zilizo ziwani leo.

Na sisi tulao samaki? Sangara na sato hutumbuliwa kabla ya kuingia chunguni, na chembe nyingi zinazopatikana kwa samaki hukaa utumboni. Dagaa, omena kwa Mkenya na mukene kwa Mganda, huliwa mzima: kichwa, mifupa na utumbo. Ndiyo maana ana kalsiamu nyingi, na ndiye kitoweo cha asiyemudu bei ya sangara. Kama kuna samaki wa kupimwa kwanza, tena kila msimu, ni huyu. Na apimwe mara mbili: akitoka majini, kisha akishaanikwa, maana dagaa wengi hukaushiwa juu ya nyavu kuukuu na maturubai yaliyochakaa.