Maafa Yakibisha Hodi Usiku: Hospitali Imejipangaje, na Nyumba Yako Je?

Wiki hii tunaomba utuvumilie. Hatutazungumzia kuchemsha maji wala kunawa mikono, ingawa yote hayo bado ni muhimu. Tunataka kukupeleka Ibadakuli.

Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ina vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavipita bila kuvifikiria. Kimoja ni uwanja wa ndege. Cha pili ni kituo cha kupozea umeme. Hapo ndipo inapofika njia kubwa ya umeme wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670. Kutoka hapo nyaya zinasambaa, nyingine zikielekea upande wa migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Geita.

Sasa jiulize: siku kituo hicho kikipata hitilafu saa nane ya usiku, mama aliye juu ya meza ya upasuaji atakuwa katika hali gani? Na mtoto njiti aliye kwenye mashine ya joto? Na mzee anayepumua kwa oksijeni inayotengenezwa na mashine ya umeme?

Yupo mtu hospitalini ambaye kazi yake ni kujiuliza maswali hayo kabla hayajatokea. Huitwa mratibu wa maafa na dharura. Mara nyingi ni muuguzi au daktari mwenye majukumu mengine tele, na hili huongezewa juu yake. Kazi yake haionekani. Akiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ameifanya.

Wenzetu wa Zanzibar wanalijua hili. Mei 21, 2008 umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, hadi Juni 18. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Kilichowaumiza watu si giza peke yake. Pampu za maji zinaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo mabomba nayo yakakauka. Hospitali isiyo na maji haiwezi kuosha vifaa, kufua mashuka wala kusafisha vyoo. Unaona jinsi kitu kimoja kinavyoangusha kingine?

Ndiyo maana mratibu anayejua kazi yake haridhiki kuambiwa "jenereta lipo". Atauliza: lina dizeli ya saa ngapi? Ikiisha tutanunua wapi, maana pampu za kituo cha mafuta nazo zinahitaji umeme? Ufunguo wa chumba cha jenereta anao nani siku ya Idi? Mara ya mwisho limewashwa lini likiwa limebeba mzigo wa wodi zote, si kuunguruma tu kwa dakika tano? Maswali haya huwaudhi watu. Lakini afadhali kuudhiwa mchana kuliko kuhangaika usiku.

Tuje kwenye mkoa wetu. Usiku wa Machi 3, 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali ilishuka Mwakata, wilayani Kahama. Kuta za udongo zikawaangukia watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Siku kama hiyo, hospitali ya wilaya hupokea kwa saa chache majeruhi ambao kwa kawaida ingewapokea kwa miezi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui, na linatugombanisha na wauguzi. Katika maafa makubwa, wa kwanza kufika hospitali kwa kawaida si mahututi. Ni wale walioweza kujikokota, kupanda bodaboda au kudandia gari la jirani. Walioumia zaidi bado wako chini ya kifusi wakisubiri kutolewa. Kama hospitali itawapa vitanda vyote waliotangulia, mwenye kuvuja damu tumboni akija saa moja baadaye atalazwa sakafuni. Kwa hiyo wanaopokea huwachambua wagonjwa kwa rangi. Nyekundu ni wa kuhudumiwa mara moja, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anatembea na atasubiri zaidi, nyeusi ni aliyekwisha kufa au asiye na tamaa ya kupona kwa uwezo uliopo. Basi mwanao akifungwa utepe wa kijani mkononi na kuambiwa akae kwenye benchi, usimshike muuguzi ukosi. Utepe huo ni habari njema.

Kisa kingine ni cha Nyangalata, huko huko Kahama. Mwanzoni mwa Oktoba 2015 duara liliporomoka na wachimbaji sita wakabaki chini. Watu walikwisha kata tamaa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyokuwa yakidondoka. Subhanallah! Mmoja wao alifariki baadaye akiwa hospitalini.

Hatuna haki ya kusema kilichomuua ndugu huyo. Lakini kisa hicho kinatupa nafasi ya kueleza hatari ambayo nyumba nyingi haziijui. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu, siku ya kwanza ya kushiba inaweza kuwa ndiyo siku yake ya mwisho. Mwili uliozoea kujila wenyewe, ukipewa ghafla wanga na sukari nyingi, huvuta kwa kasi madini yaliyomo katika damu, hasa fosfati, potasiamu na magnesiamu, na moyo unaweza kusimama. Jambo hili liliwapata watu wengi waliotolewa katika kambi za mateso za Ulaya mwaka 1945. Askari waliowakomboa waliwapa chakula kwa huruma, na baadhi yao wakafa kwa chakula hicho. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii hulishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku damu yake ikipimwa. Sasa fikiria mama aliyemlilia mwanawe siku 41. Anafika wodini na hotpoti ya ugali na nyama na soda ya baridi. Nani atamzuia? Mpango mzuri wa hospitali unalijua hilo mapema. Unamweka mtu wa kukaa na familia na kuwaeleza kwa upole, kwa Kisukuma ikibidi, kabla hotpoti haijafunguliwa.

Ama kuhusu damu, tunakosea sana. Baada ya bomu la Nairobi, Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, wananchi walijitokeza kwa wingi kutoa damu. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo damu ya leo haimsaidii majeruhi wa leo kwa haraka tunayodhani. Ni lazima ipimwe kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Inayomwokoa mtu saa ile ni iliyokuwa ndani ya jokofu tangu wiki iliyopita. Nayo haikai milele, chembe nyekundu hudumu kiasi cha wiki tano hadi sita tu. Wanafunzi ni wachangiaji wakubwa, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua, na mwezi wa Ramadhani wengi wetu tunajizuia kwa ajili ya funga. Hakuna kinachozuia msikiti kupanga siku ya kutoa damu baada ya futari, au katika Shaaban kabla mwezi haujaandama. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni maiti. Sisi tumefundishwa kuharakisha maziko, na ni sawa. Lakini katika maafa ya watu wengi, haraka hiyo inaweza kumzika mtoto wa mwenzio kwa jina la mwanao. Agosti 2025 watu 25 walipofukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, hapa Shinyanga, kazi ya kuwatafuta iliendelea kwa wiki kadhaa. Mwili uliokaa hivyo hautambuliki kwa uso. Hutambuliwa kwa nguo, kovu, jino, au kwa vinasaba. Familia inayojua marehemu alivaa nini, na ina picha yake akiwa anacheka meno yakionekana, huwa imeipunguzia mochwari kazi ya siku nyingi.

Yapo pia maradhi ambayo maiti yake yenyewe ni hatari. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, jirani kabisa na Geita. Wagonjwa 10 walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa maabara na wanane wakidhaniwa kuwa nao, na wote walifariki. Mwezi Machi ikatangazwa kwamba umekwisha. Majimaji ya mwili wa aliyekufa kwa Marburg au Ebola huambukiza anayemwosha. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu mazishi salama uliweka utaratibu kwa ajili ya Waislamu, ukiwemo wa kutayamamu badala ya kuosha. Mafaqihi walikwisha kulizungumza zamani suala la maiti asiyeweza kuoshwa. Na wanaodhani kujihadhari ni upungufu wa tawakkul, wakumbuke Sayyidna Umar alivyogeuza safari yake ya Sham aliposikia kuna tauni. Imamu akae na mratibu wa hospitali walizungumze hili sasa, wakiwa wametulia, si siku ambayo vijana wamekwisha kuvunja geti la mochwari.

Usafiri nao una habari njema. Mpango wa m-mama, ambao Shinyanga ni miongoni mwa mikoa iliyoutangulia kabla haujaenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, unatumia namba 115 bila malipo kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, naye hulipwa kupitia simu. Wasiosubiri gari ambalo halipo wamekwisha kujipanga. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na nyumbani kwako? Chukua karatasi, kwa sababu simu huzimika. Andika majina ya wote wanaolala humo, dawa anazotumia bibi na kiasi chake, nani ana kisukari au pumu, na namba tatu za ndugu walio mbali. Ibandike nyuma ya mlango. Mkubaliane ni nani mmoja atakayekwenda hospitali kwa niaba ya ukoo, na wengine wabaki, maana umati langoni huzuia machela. Kama kijana wako anashuka madarani, mjue ni duara gani, anashuka na nani, na leo amevaa shati la rangi gani.

Kisha, sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako kamati ya kwenu ina watu gani, na walikutana lini.